Shule ya Nne Ilikuwa Jikoni

Sauti yangu ilifika Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Bruseli, kabla yangu. Mimi nilikuwa nyumbani nachambua sombe, majani ya muhogo, na kule saluni kwa Maman Zawadi alikuwa amesimama mwanamke mzungu, nywele nyekundu zimeanza mvi, anainua simu juu ili watu wote wasikie. Ndani ya simu mwanamke anasema Kiswahili cha Bukavu na kucheka. Mzungu huyo alikuwa ameanzia saluni za juu, karibu na Porte de Namur, akateremka mlango kwa mlango, na kila mahali walimjibu hapana, wengine wakidhani ametumwa na polisi. Kwa Zawadi hakumaliza hata kuuliza. Zawadi aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu kimesimama, akapiga kelele, "Huyu si Faida? Ni Faida kabisa! Nani mwingine anachekaka kama mbuzi iliyokata kamba?" Halafu akanipigia. "Faida, umefanyia bazungu nini? Kuko moja hapa, iko na sauti yako mu telefone. Ya zamani, ya wakati ulikuwa bado na meno yote." Nilimwambia ampe kiti na chai, asimwache aondoke. Nilijua ni nini. Nilikuwa nimeingojea sauti ile zaidi ya miaka ishirini na tano, na nilishaanza kujiambia kwamba ilipotea njiani.

Ilikuwa mwaka mmoja wa miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka thelathini na kitu. Habari za jinsi nilivyofika Ubelgiji nimekwisha kuwaeleza watu wa ofisi ya wageni, mara nyingi kuliko zilivyotokea, sitazirudia hapa. Mwanamke mmoja wa parokia alinipatia kazi ya kumtunza bibi kizee karibu na Flagey, ghorofa ya pili, madirisha yanatazama mabwawa na bata wake. Aliitwa Nora. Alizaliwa katika kijiji kimoja cha Irlandi, akaja Bruseli akiwa msichana kufundisha watoto wa matajiri Kiingereza, akaolewa na Mbelgiji, akamzika, akabaki na mtoto mmoja wa kiume na jiko refu jembamba kama ushoroba. Jiko lile nalikumbuka kuliko nyumba yoyote niliyowahi kulala. Meza ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye picha za limau, limau zote zimefutika pale alipozoea kuweka viwiko. Birika la chai lilivaa sweta. Nakuapia, sweta ya sufu, na tundu la mkono kwa ajili ya mdomo wake. Siku ya kwanza nilifikiri ni ugonjwa wa uzee, kumvalisha birika. Chakula chake kilikuwa viazi, siagi, samaki siku ya Ijumaa, na mkate usio na hamira aliouchora msalaba juu kabla ya kuutia ovenini. Tulizungumza Kifaransa, yeye chake cha vitabu, mimi changu cha sokoni, na tulisikilizana vizuri sana kwa sababu hakuna aliyezaliwa nacho; hapa nakigeuza kwa Kiswahili cha kwetu.

Urafiki wetu ulianza na uharibifu. Dirishani, kati ya redio na sanamu ya Bikira, alikuwa na donge moja jeusi la udongo mkavu, urefu wa tofali, jepesi kama mkate wa zamani. Nililipangusa vumbi wiki mbili, nikamhurumia. Nilijisemea, maskini, alinunua udongo wa kupanda maua, akasahau. Basi asubuhi moja nikalivunjavunja kwa mikono ndani ya beseni, nikamwagia maji, nikapanda mbegu za lenga-lenga, ule mchicha wetu, nilizonunua Matonge. Nilikuwa na furaha yangu. Nora akaingia na fimbo yake, akatazama dirisha.

"Faida. Iko wapi ile yangu?"

"Gani, Madame?"

"Ile ya pale."

Nikamwonyesha beseni. "Nimekupandia mboga. Utakula, utapata damu."

Akakaa. Nikaanza kuwaza nitaaga vipi. Halafu mabega yakaanza kutikisika, akacheka hadi akashika meno yake yasianguke. "Faida, hii haiko udongo ya kulima. Hii ni kuni. Kwetu tunaichimba mu kinamasi, tunaianika, tunaichoma. Ndugu yangu aliniletea hii moja tu, niwe nainusa."

"Bazungu banachoma udongo?"

"Bairlandi."

"Na chakula je, munakulaka mawe?"

"Kuko miaka ya njaa hata mawe hayakutosha," akasema, akacheka tena, lakini si sana. Lenga-lenga iliota. Sijaona tena mboga iliyoota kwa hasira namna ile. Tuliila na viazi, na tangu siku ile sikumwita tena Madame. Nilimwita Maman Nora.

Kwa njia ya donge lile ndipo nilipojua shule zao. Alisema kila mtoto wa kijiji, wakati wa baridi, alibeba kwapani donge moja kwenda shuleni, kwa ajili ya moto wa darasa. Mimi nikamwambia kwetu tulibeba kuni na madumu ya maji, lakini vilikwenda nyumbani kwa mwalimu. "Kwetu pia moto ulipasha mwalimu kwanza," akajibu. Tukaendelea hivyo majira yote ya baridi, yeye anamenya viazi amekaa, mimi napiga pasi. Alinihesabia shule za kijiji chake kama mtu anavyohesabu wakubwa wa ukoo. Ya kwanza haikuwa na nyumba. Wakubwa wa nchi walikuwa wamekataza watu wa dini yake kufundisha, basi mwalimu alifundisha chini ya ua wa miiba, kando ya shamba, na mtoto mmoja alisimama kilimani kutazama kama askari wanakuja. Ya pili ilikuwa kibanda cha nyasi, na humo ndimo bibi yake Nora alimofungwa kijiti shingoni. Nilisimamisha pasi. "Kijiti cha nini?" Akaeleza: kila mtoto alipoteleza akasema lugha ya nyumbani badala ya Kiingereza, walikata alama juu ya kijiti, jioni mwalimu anahesabu alama, anapiga fimbo kulingana nazo. Nikaacha pasi juu ya shuka mpaka ikanuka. Nora akapiga kelele, "Faida, shuka!" Nikamwambia, shuka iungue. "Kwetu ilikuwa fupa. Fupa ya ng'ombe, ku kamba. Na mimi niliivaa." Alinitazama kama vile nimemwambia tumenyonya ziwa moja. Mpaka leo watu wakinieleza kwamba mzungu na mtu mweusi hawawezi kuelewana, mimi natikisa kichwa. Sisi tulielewana kwa sababu ya kitu kilichoning'inia shingoni.

Shule ya tatu ilikuwa ya mawe, na mwalimu wake alikuwa baba yake Nora. Hiyo hakupenda kuisema. Alipita pembeni, anataja milango miwili, mmoja wa wavulana, mmoja wa wasichana, anataja ramani ukutani, kisha anauliza kama maji yamechemka. Ndipo kijiji kikamwandikia. Walikuwa wanakusanya historia ya shule zao za zamani, na Nora alikuwa karibu wa mwisho kati ya waliokaa kwenye madawati ya ile ya tatu. Mtoto wake, Monsieur Patrick, alifurahi sana. Alikuwa mtu wa shati safi, anafanya kazi katika zile ofisi kubwa, anakuja kila Jumapili na keki. Sitamsema vibaya kuliko alivyokuwa. Alimpenda mama yake, na mimi alinipa mkono kila aingiapo. Alinunua kinasa sauti, akanionyesha kitufe chekundu. "Anasema, wewe unabonyeza." Tukafanya hivyo. Shule ya miiba ikaingia, shule ya nyasi ikaingia, na yote kwa Kiingereza, sielewi neno, lakini nilimjua kwa mikono: akifika kwenye kijiti, alishika shingo.

Jumapili moja baada ya kula, Patrick akiwa bado na kitambaa cha kujifutia magotini, Nora alisema anataka kuingiza ile ya tatu. Nilibonyeza. Akaanza. Nikaona uso wa Patrick unabadilika polepole, kama maziwa yanavyoganda. Alinyoosha mkono, akazima. Kisha wakaingia kwenye Kifaransa, nafikiri kwa ajili yangu, kila mmoja akitafuta shahidi.

"Mama, si hiyo. Ku ukuta ya shule kuko jiwe yenye jina ya babu. Watu banamuheshimia."

"Najua. Nilikuwa pale siku banaiweka."

"Basi sema juu ya milango. Sema juu ya ramani. Zamani batoto bengi balikufaka, haikuwa kosa ya mutu."

"Balikufaka, ndiyo," Nora akasema. "Basi tuseme ni nani."

Patrick alirudisha nyuma utepe wa kaseti, akanasa juu yake sauti ya saa ya ukutani na bata wa nje, mpaka maneno yakafutika. Kisha akakata keki. Mimi nilikuwa nimesimama pale na sahani mkononi.

Jumanne nilimwuliza Nora. Alinisimulia taratibu, na kisu cha viazi mkononi. Kulikuwa na msichana, Delia, jirani yake wa dawati siku zisizo za baridi. Kwao hawakuwa na sehemu ya kuchimba udongo wa kuchoma, basi alikuja mikono mitupu. Na sheria ya mwalimu ilikuwa hii: aliyeleta donge anakaa karibu na moto, asiyeleta anakaa mlangoni. Delia alikaa mlangoni msimu wote, miguu imelowa, upepo unapita chini ya mlango. Asubuhi moja Nora aliiba donge la pili nyumbani, akaja na mawili. "Hii yangu, hii ya Delia." Baba yake aliyapokea yote mawili, akayatupa motoni, akasema mbele ya wote, "Moja ni yako. Ya pili haina mwenyewe." Delia akabaki pale pale. Kabla ya Pasaka kifua kilimmaliza. Wakatoa dawati lake nje, na hakuna aliyemtaja tena katika nyumba ile. Jiwe la ukutani lilipowekwa, liliandikwa jina la baba peke yake.

"Maman Nora," nikamwambia, "unataka aingie?"

"Nataka aingie hata kama mimi natoka."

"Basi futa mikono."

Ndivyo tulivyofanya, hakuna aliyetutuma. Nilifunga dirisha kwa sababu ya bata, nikaweka kinasa juu ya sahani iliyogeuzwa, nikabonyeza. Alisema kwa Kiingereza bila kusimama, na jina la Delia nililisikia likirudi mara nyingi. Alipomaliza alitoa utepe, akaugeuza. "Sasa wewe."

"Mimi? Shule yangu haiko ya kijiji yenu."

"Shule ya kwanza ilikuwa chini ya miiba. Ilikuwa mutu mumoja anasema, mwingine anasikiliza, na kuko watu banakataza. Angalia hapa. Hii ni shule ya ine. Sema."

"Kwa luga gani?"

"Ile walikufungia fupa juu yake."

Nikasema. Nilisema kwa Kiswahili chetu, mwanzo kwa aibu, kisha mdomo ukafunguka wenyewe. Lile fupa lilikuwa linatembea. Ukikamatwa unasema lugha ya nyumbani, unalivaa. Na ili uliondoe, lazima umvizie mwenzako, umsikie naye akiteleza, umpe. Atakayekuwa nalo jioni anasafisha vyoo na kuchapwa. Basi watoto walijificha nyuma ya madirisha kuwindana, ndugu anamwinda ndugu. Walinivika mimi kwa sababu nilipiga kelele nyoka alipopita uani. Walitaka nimwite nyoka kwa Kifaransa kwanza? Na mimi nilikataa kuwinda mtu. Nililivaa siku nzima, nikachapwa, kesho yake nikaja nalo, nikachapwa, nikaja nalo tena. Wenzangu walikuwa wanasema mbele yangu makusudi, wananiambia, "Tukamate, Faida, utapumua." Sikumkamata mtu. Halafu nililivua, nikaenda kwenye choo cha mwalimu, si cha wanafunzi, cha mwalimu, nikalitumbukiza. Likalia mbali kule chini: chubwi! Mwalimu akasema, kalitoe, la sivyo usirudi hapa. Sikurudi. Ndivyo nilivyomaliza masomo yangu, katika darasa la nne, na sijawahi kuomba msamaha. Nilipofika kwenye ile chubwi nilicheka, na Nora, ambaye hakuelewa hata neno, alicheka pia, kwa sababu nilikuwa nimeonyesha kwa mkono jinsi lilivyoanguka. Alinifanya nirudie. "Sikurudi," nikasema. Naye akajaribu, kwa ulimi wake: "Sikurudi."

Nora aliandika anwani juu ya bahasha siku ile ile. Tungeituma Jumatatu, kwa sababu miguu ilikuwa inamsumbua na alitaka kuja posta mwenyewe. Lakini Jumapili Patrick alikuja mapema, akaona bahasha chini ya birika. Alitoa utepe, akausikiliza akiwa amesimama na koti. Alisikia yote. Alipofika kwa Delia alikaa. Alipofika kwangu aliinuka.

"Madame Faida, huyu mama ni mzee. Umemsukuma."

"Hakuna mutu anasukuma huyu mama. Jaribu uone."

Akautoa utepe, akaurudisha ndani ya bahasha, akataka kuitia mfukoni. Mimi nilikuwa karibu zaidi. Nikaichukua mkononi mwake, kwa heshima, na nikaiingiza ndani ya sidiria yangu. "Bon," nikamwambia. "Njo sasa uikamate."

Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Nora alipiga fimbo sakafuni. "Elle reste! Anabaki!"

"Mama, umechoka."

"Nimechoka na wewe!"

Patrick akaniambia nichukue koti langu na nisirudi kesho. Nikavua aproni, nikaikunja vizuri, nikambusu Nora kwenye paji la uso. Alinuka siagi. Alinishika kidole akasema polepole, "Gare du Nord, posta inafunguaka mapema." Kitu kimoja nataka wajukuu wangu wakijue: nilishuka ngazi zile bila kazi, na sikuwahi kutembea vizuri namna ile. Siku iliyofuata nilisimama mbele ya dirisha la posta, karibu na kituo cha treni, kabla halijafunguliwa, na bahasha bado ilikuwa na joto langu.

Zawadi aliponisikia aliniita mjinga. "Umepoteza kazi juu ya mutoto wa Irlandi alikufaka zamani! Anakujua huyo Delia?" Nikamjibu, na wewe nani alikujua ulipokuwa mlangoni mwa nchi hii? Alininunia wiki moja, kisha akanitafutia kazi ya kusafisha ofisi. Patrick alimpeleka mama yake katika nyumba ya wazee upande wa pili wa mji. Nilikwenda kwa tramu kila Jumamosi, nikiwa na lenga-lenga ndani ya bakuli. Hapakuwa na jiko pale, walikula chakula kisicho na rangi. Kila mara aliuliza kwa macho kwanza. "Nimeituma," nilimwambia. "Wamejibu?" Hawakujibu. Alikufa Desemba, kabla ya Noeli, na hawakuwa wamejibu. Kwenye maziko Patrick alinipa mkono, akaushika kidogo zaidi ya desturi.

Basi siku ile ya saluni nilikwenda na mjukuu wangu Grâce, anayesoma sheria, anayejua Kiingereza kama maji. Nilivaa kitenge changu kizuri. Yule mwanamke aliinuka. Jina lake Una, ni mwalimu wa shule ya sasa ya kile kijiji. Alisema utepe ulifika. Wazee wa wakati ule waliusikiliza, wakagombana, wakasema Nora amechanganyikiwa, wakaufungia ndani ya sanduku. Walipokwisha kufa, yeye alilifungua, akawasikilizisha wanafunzi wake. Watoto waliuliza swali moja: Delia amezikwa wapi? Wakaenda kumtafuta makaburini, wakampata. Sasa lile jiwe la ukutani lina jirani, na jina la Delia limeandikwa kwa herufi kubwa sawa na za mwalimu. Nilimwambia Grâce arudie hiyo. Akarudia. Nikamwomba Zawadi azime mashine zake, nikamwambia Grâce airudie tena.

Una alifungua mfuko wake, akatoa donge moja jeusi la udongo, akaliweka mikononi mwangu. Zawadi akasogea. "Ni zawadi gani hii? Anakuletea matope?"

"Ni kuni," nikamwambia. "Usiguse."

Halafu Una akaeleza sababu ya safari yake. Muhuri wa bahasha ulisema Bruseli, na hapo mjini watu wakamwelekeza Matonge. Upande wangu wa utepe hakuna aliyeuelewa, lakini watoto waliupenda kuliko yote, kwa sababu ya wale wanawake wawili wanaocheka. Kuna neno moja wamelishika. Kila siku kengele ya mwisho ikilia, wanakimbia mlangoni wakilipiga kelele, wakubwa kwa wadogo, miaka sasa. Alitaka kujua wanasema nini. Akajikusanya, akalitamka: "Sikurudi."

Saluni yote ilianguka kwa kicheko. Mimi nilimsimulia Una habari ya fupa, mwanzo hadi chooni, na katikati Grâce aliacha kutafsiri, ananitazama. "Koko, bibi yangu, haukuniambiaka hii."

"Haukuniulizaka. Tafsiri."

Una alipoelewa neno lile alifunika mdomo. Mwalimu mzima, na wanafunzi wake kila jioni wanaapa mlangoni! Aliuliza kama ni matusi, kama awakataze. Kisha akasema, akicheka na kufuta macho, kwamba ajabu ni hii: asubuhi wote wanarudi.

"Mwambie wasikatazwe," nikamwambia Grâce. "Wapige kelele zaidi. Na mwambie wanarudi kwa sababu hakuna fupa, na hakuna mtoto anakaa mlangoni. Siku kimoja cha vitu hivyo kikirudi, neno wanalo."